Mkatie Shingo

Sauti ilikuwa yake, hilo halikuwa na ubishi. Wakili alibonyeza kitufe kwa mara nyingine, na Balozi akajisikia akisema, kwa sauti ile ile nzito ambayo watu wa kwao waliizoea: "Huyu Mkuu mmalize leo leo, asilale. Mkate shingo kwanza, mikono baadaye." Ukafuata mkwaruzo wa simu, kisha kimya.

Aliyecheka kwanza alikuwa mke wake, Fundi. Alikaa karibu na mlango wa ofisi, pini mbili alizozisahau zikiwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Halafu akamwona Wakili alivyokunja uso, akakimeza.

"Mama, hili si la kucheka," Wakili alisema. Alikuwa msichana wa juzi tu, miwani mikubwa, viatu vimelika visigino kwa kupanda na kushuka ngazi za mahakama. "Kesho yake baada ya simu hii, Mkuu wa Jimbo kule kwenu alivamiwa nyumbani kwake, akapigwa panga la shingo. Amepona kwa bahati. Serikali yake inasema amri ilitoka hapa, kwa Mheshimiwa, na inataka arudishwe akashtakiwe huko."

"Si walisema ni uhaini?" Balozi aliuliza.

"Uhaini ni siasa. Sheria ya hapa hairuhusu mtu kurudishwa kwao kwa mambo ya siasa, kesi hiyo ningeishinda huku nasinzia. Lakini kumtuma mtu aue si siasa, Mheshimiwa. Jaji akilikubali hilo, wanakupandisha ndege."

Balozi alivuta pumzi ndefu. "Sikusema mkate. Nilisema mkatie. Kuna i hapo katikati."

"Samahani?"

"Mkatie shingo. Shingo ya gauni."

Hapa lazima ieleweke balozi huyu alikuwa balozi wa aina gani. Alikuwa mjumbe wa jimbo lililotaka kujitenga liwe nchi, na nchi hiyo haikuwa kwenye ramani yoyote ila ile aliyoichora binti yake shuleni, akapewa sifuri ya jiografia. Hakuwa na gari, bendera wala dereva. Aliyaandikia barua mataifa makubwa, na mataifa makubwa hayakumjibu. Jina la Balozi alipewa na majirani, nusu heshima na nusu utani, likamganda. Mchana kutwa alikuwa kwenye duka la ushonaji la mkewe, akipokea simu, akibeba vitambaa, akipima wateja Fundi asipokuwepo. Kukata kulifanyika nyumbani, kwenye meza kubwa, na mkataji alikuwa mdogo wake Fundi, ambaye Balozi alimwita Shemeji na mtaa mzima ukafuata kumwita hivyo hivyo.

Na mafundi wana lugha yao. Kwao mteja ndiye nguo, na nguo ndiyo mteja. Mteja humalizwa kazi yake inapoisha, hulala kazi ikibaki hadi kesho, na hutiwa mikono baada ya kukatiwa shingo. Mgeni akikaa dukani nusu saa atadhani ameingia buchani.

Wakili alirudia kanda ile, sikio karibu na spika. "Mimi nasikia mkate," alisema.

"Mimi nasikia mkatie, wazi kabisa," Fundi alisema.

"Wewe ni mkewe, Mama. Jaji hana masikio hayo. Nimewaomba walionasa simu hii mazungumzo yote tangu mwanzo, wakanijibu waliyonayo ni hayo tu." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Sasa huyu Mkuu mwingine, mwenye gauni, ni nani?"

"Mwalimu Mkuu wa shule ya binti yetu," Balozi alijibu. "Gauni lilikuwa la mahafali ya shule. Alikuwa amesimama mbele yangu nikipiga simu hiyo."

Uso wa Wakili ulichanua. "Yuko mji huu huu? Alisikia kwa masikio yake? Mheshimiwa, mbona umeninyima usingizi bure? Aje aseme, mambo yaishe!"

Mume na mke walitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

"Tatizo," Fundi alisema hatimaye, "hatusemezani naye."

* * *

Gauni lilikuwa la zambarau, na lilikuwa zuri kila mahali isipokuwa shingoni. Mwalimu Mkuu alilivaa siku ya mahafali bila kulijaribu, kwa kuwa alilipokea asubuhi ile ile likiwa bado na joto la pasi. Aliposimama kuhutubia, shingo ya gauni, iliyokuwa pana kupita kiasi, ilimteleza begani mbele ya wazazi, wageni na kwaya ya wanafunzi. Alilipandisha, likashuka. Alitoa hotuba nzima ameshika bega kwa mkono mmoja, na watoto wakacheka mpaka wengine wakatolewa nje. Kesho yake alikuja dukani akiwaka moto, na Fundi, ambaye hakupenda kuambiwa kazi yake ina kasoro, alimtazama juu mpaka chini akamwambia: "Mwalimu, kazi haina ubaya. Ni wewe umekonda."

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kukonda, na wote waliokuwepo waliliona hilo. Alilichukua gauni lake bila kuaga, na tangu siku hiyo akawa anapita duka lile ameangalia upande wa pili wa barabara.

"Kosa ni la mkasi wako," Fundi alimwambia mdogo wake jioni ya siku ile waliyotoka kwa Wakili. Walikuwa dukani wote watatu, mlango wazi, binti akifanya kazi ya shule juu ya marobota ya vitambaa.

"Mkasi wangu ulikata ulichoambiwa," Shemeji alisema. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, hata siri aliisema ikasikika ng'ambo. "Nililetewa namba, nikaikata. Na mimi nashangaa jambo moja. Aliyeambiwa amkate Mkuu shingo ni mimi. Mbona hawajaja kunikamata? Huyu kapiga simu tu, muuaji mwenyewe niko hapa natafuna karanga."

"Usiite balaa," Fundi alimkanya.

Balozi alikuwa anakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Siku zile hali ya duka ilikuwa mbaya. Serikali ya kwao Balozi ilikuwa imefunga mpaka kwa malori ya nchi hii hadi arudishwe, na serikali ya hapa ilikuwa imejibu kwa maneno makali, na katikati ya wakubwa hao wawili vitunguu vikapanda bei. Muuza mboga wa pembeni alimwambia Balozi usoni, "Mzee, mimi nakupenda, lakini shingo yako inanimaliza." Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, mmoja akisema amebadili mawazo, mwingine hakusema lolote, alinyoosha mkono tu. Binti naye alirudi kutoka shule amevimba macho. Walikuwa wamempachika jina: Mtoto wa Mkata Shingo.

"Tumfuate Mwalimu Mkuu," Fundi alisema. "Tumwangukie. Nitasema mimi, kama kusema ni kazi."

"Hapana," Balozi alisema.

"Hapana nini?"

Alitoa karatasi kadhaa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Zilikuwa zimeandikwa pande zote mbili kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. "Waandishi wa habari wa nchi nyingi watakuwepo. Miaka yote hii nimetafuta mahali pa kusemea, leo pamepatikana. Nitasimama nieleze madai ya watu wetu tangu mwanzo. Wakinirudisha, wamrudishe mtu aliyesema. Lakini nikasimame kizimbani kuzungumzia gauni? Watu wa kwetu wanajua nina ofisi. Niwaambie nini? Kwamba mjumbe wao anapima shingo za wateja?"

Cherehani ya Fundi ilisimama. Hata Shemeji aliacha kutafuna.

"Rudia," Fundi alisema.

"Sikukusudia..."

"Ukiwatangazia watu wako kwa simu ya video, unavaa koti, unakaa mbele ya pazia, mimi nazima cherehani. Nazima redio. Mtoto namtuma nje acheze. Hata kikohozi nakibana. Nilidhani ni kelele, nikasema mume wangu anafanya kazi nzito, asisumbuliwe. Kumbe si kelele." Sauti yake ilikatika, na Fundi hakuwa mtu wa kulia hovyo. "Kumbe ni aibu. Unaona aibu kwa kazi inayokulisha."

Balozi alianza kuzikunja karatasi zake.

"Kasome karatasi zako," Fundi alisema. "Wakikupeleka huko hawatakufunga kwa siasa, watakufunga kama muuaji, na huyu mtoto atakufa na jina hilo. Mimi kesho naenda kwa Mwalimu, uje usije."

Alikanyaga cherehani, ikaanza tena, na alishona mstari mzima kabla ya kugundua kwamba hakuwa ametia uzi.

* * *

Alikuja. Walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, benchi ile wanayokalia watoto waliochelewa au waliopigana, fupi mno kiasi kwamba magoti ya Balozi yalimfika karibu na kidevu. Watoto wawili waliokuwa wamekalishwa hapo kwa kosa la kurushiana chaki waliwasogezea nafasi.

"Nyie mmefanya nini?" mmoja aliwauliza.

"Tumeharibu nguo," Fundi alijibu.

"Mtafanyishwa usafi," mtoto alisema kwa huruma.

Waliachwa hapo mpaka kengele ikalia. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaitwa ndani. Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye kitambaa chembamba alichokifunga shingoni siku zote, joto au baridi, kwa ajili ya koo lake lililochoshwa na kufundisha. Hakuwakaribisha kukaa.

Fundi alikuwa amejiandaa kuanza, lakini Balozi alimtangulia. Alisimama wima, akakohoa kidogo, na ile sauti yake ya matangazo ikaja yenyewe.

"Mwalimu Mkuu, sisi kama familia tunasikitishwa sana na hali iliyojitokeza siku ya mahafali, na tungependa..."

"Hali haikujitokeza," Mwalimu Mkuu alisema. "Lililojitokeza ni bega langu."

Fundi alitazama sakafu ili asicheke.

"Najua mnachotaka," Mwalimu Mkuu aliendelea. "Wakili wenu kanipigia. Na wakubwa wangu nao wamenipigia. Wameniambia kuna malori mpakani, Mwalimu, kuna mahusiano ya nchi na nchi, wewe baki na watoto wako. Na mimi nikajiuliza, kwa nini nijitie kwenye moto huo? Niende mahakamani, mbele ya kamera, nisimulie nilivyochekwa? Kwa watu gani? Watu walioniambia usoni kwamba nimekonda?"

Alisogea mbele, akaweka viganja vyake juu ya meza. Macho yake yalikuwa na maumivu ya kweli, na Fundi aliyaona kwa mara ya kwanza.

"Nimekonda mimi?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"La, Mwalimu," Fundi alisema taratibu. "Hukukonda. Nilisema uongo. Mkasi wa mdogo wangu uliteleza, na mimi..."

"Haukuteleza," Balozi alisema.

Wanawake wote wawili walimgeukia.

"Nilikupima mimi, Mwalimu. Fundi alikuwa ametoka. Nilitakiwa kukwambia ufungue hicho kitambaa shingoni, nikaona haya. Nilijiambia, mwanamke mwenye cheo chake, nitamwambiaje afungue kitambaa? Basi nikapima juu yake. Na wewe ulikuwa umesema unataka shingo isikubane, nikaongeza tena kidogo kwa heshima." Sauti ya matangazo ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa ya mtu wa kawaida tu. "Ulipokuja kulalamika nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia mke wangu akikwambia umekonda. Nilisikia baadaye akimgombeza mdogo wake. Nilijua kosa ni langu na nilikaa kimya. Nisamehe, Mwalimu."

Fundi alikuwa anamtazama mumewe mdomo wazi. "Juu ya kitambaa?" alinong'ona. "Ulimpima mtu juu ya kitambaa?"

"Nisamehe na wewe."

Mwalimu Mkuu alikaa. Kisha akafungua kabati, akatoa mfuko, na kutoka humo akalitoa gauni la zambarau. Shingoni palikuwa na kipande cha ziada, cha zambarau nyingine iliyokaribia wekundu, kimeshonwa kwa mshono mnene uliokwenda upogo. Fundi alipokiona aliguna, jinsi watu wanavyoguna wakiona kidonda.

"Nililipeleka kwa fundi mwingine," Mwalimu Mkuu alisema.

"Naona," Fundi alisema kwa uchungu. "Mungu wangu. Naona."

"Siwaahidi kitu. Nendeni, nina darasa." Lakini walipofika mlangoni aliwaita tena. "Binti yenu. Lile jina nimelipiga marufuku shule nzima. Hilo nimelifanya tangu juzi, mje msije."

* * *

Mahakama ilijaa. Waandishi walikuwepo kweli, kama Balozi alivyotabiri, na watu wa kwao waliokuwa wakiishi uhamishoni walikuja na nguo zao bora, wakakaa safu mbili za mbele. Kiti cha shahidi kilikuwa kitupu. Wakili alitazama saa, akatazama mlango, akatazama saa tena.

Kanda ilipigwa. Iliposema "asilale", ukumbi mzima ulishusha pumzi, na iliposema habari ya shingo, mwanamke mmoja nyuma alijishika yake. Wakili wa Serikali aliyeleta ombi la kule kwao Balozi, bwana mrefu aliyelipenda koti lake, alimgeukia Balozi kizimbani.

"Unakubali ni sauti yako?"

"Nakubali."

"Na unataka mahakama iamini kwamba ulikuwa unazungumzia ushonaji." Alitabasamu kuelekea kwa waandishi. "Wewe ambaye kwenye matangazo yako hujitambulisha kuwa mjumbe wa watu wako, ukizungumza, nakunukuu mwenyewe, kutoka ofisini kwako. Iko wapi ofisi hiyo?"

Karatasi zilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Balozi. Alizihisi kifuani. Mlango ulikuwa wazi mbele yake: angeweza kusema ofisi yake iko katika moyo wa kila mtu wa jimbo lake, na safu mbili za mbele zingesimama zikapiga makofi, na waandishi wangeandika, na yeye angepanda ndege akiwa mtu mkubwa. Alimtafuta mkewe kwa macho. Fundi alikuwa safu ya nyuma pamoja na Shemeji na binti, na mikononi alishika mkoba kwa nguvu zote.

"Sina ofisi," Balozi alisema.

"Sema kwa sauti."

"Sina ofisi. Nina kiti nyuma ya pazia, kwenye duka la mke wangu. Mke wangu ni fundi cherehani. Anatushonea tunakula, miaka yote hii. Mimi napokea simu zake, nabeba vitambaa vyake, nampimia wateja, na kupima kwenyewe sijui vizuri. Nikizungumza na watu wangu huwa namwomba azime cherehani wasijue. Hilo ni kosa langu, na leo wajue."

Minong'ono ilizuka safu za mbele. Mzee mmoja alitikisa kichwa, na haikujulikana ni kwa masikitiko au kwa kitu kingine. Nyuma kabisa, Fundi alifunika uso kwa mkoba. Shemeji alimwambia jirani yake, kwa sauti aliyoidhani ndogo, "Analia huyo, mwacheni," na askari akamwonya.

"Simulizi nzuri," Wakili wa Serikali alisema. "Na huyo Mkuu wako mwenye gauni yuko wapi?"

"Nipo," mtu alisema mlangoni. "Nilikuwa natafuta pa kuegesha gari."

Mwalimu Mkuu aliingia akiwa amelivaa. Gauni zima la zambarau, na kile kipande shingoni kikionekana kutoka kila pembe ya ukumbi. Alipita katikati ya viti bila haraka, kama anavyopita katikati ya madawati, na watu wazima wakajikuta wamekaa vizuri. Aliapa, akakaa, akaelekeza macho kwa Jaji.

Alieleza yote. Alivyokwenda dukani siku moja kabla ya mahafali, alivyomtaka Balozi ahakikishe gauni halilali, alivyosimama mbele yake Balozi akipiga simu. "Alisema mkatie," alisema. "Nimefundisha lugha hii tangu kabla sijawa mkuu. Kama angesema mkate, ningemsahihisha hapo hapo."

Jaji, mzee mwenye uso mkavu, aliuliza kwa nini gauni lina kipande cha rangi nyingine. Mwalimu Mkuu alivuta pumzi, kisha akasimulia habari ya bega. Hakuacha kitu, wala kwaya. Alipofika mahali pa kuambiwa amekonda, ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Jaji aligonga meza huku yeye mwenyewe akifuta midomo kwa leso.

"Shahidi," Wakili wa Serikali alijaribu, "huoni kwamba unaingilia jambo linalohusu uhusiano wa nchi mbili?"

"Mimi naona naulizwa habari za gauni langu," Mwalimu Mkuu alijibu. "Yaliyompata yule bwana kule ni ubaya mtupu, na aliyefanya atafutwe. Lakini siku moja kabla hajakatwa yeye, aliyekuwa akizungumziwa kwenye simu ile ni mimi, na mimi shingo yangu hii hapa."

Jaji alitoka, akakaa ndani muda mrefu, akarudi. Aliusoma uamuzi bila kupandisha wala kushusha sauti. Alisema amesikiliza kanda na hawezi kuapa kama kuna i au hakuna. Alisema hata hivyo mtu aliye ng'ambo ya mpaka si kawaida kuitwa "huyu", ila aliye mbele ya msemaji, na aliyekuwa mbele ya msemaji ameonekana, amesikilizwa na ameaminika. Mashtaka ya kutuma muuaji hayana msingi, na yanayobaki ni ya kisiasa. Ombi la kumrudisha mtu huyu limekataliwa.

Balozi hakuelewa mara moja. Alielewa alipoona binti yake anaruka viti.

* * *

Mambo hayakuisha yote. Serikali ya kwao ilitangaza itakata rufaa, na Wakili alisema waache wakate, kukata ni ruhusa. Malori yaliachiwa kidogo kidogo, na muuza mboga akashusha bei ya vitunguu kiasi cha kurudisha salamu. Wateja wawili walirudisha vitambaa vyao, yule aliyenyoosha mkono bila kusema naye akarudi vile vile bila kusema. Watu wa kwao Balozi waligawanyika: wengine walisema amewadhalilisha, wengine walisema mjumbe anayejua kubeba marobota ndiye wanayemtaka. Kwenye mazungumzo ya kwanza baada ya kesi, mtu mmoja alimuuliza kutoka mbali hiyo kelele ni ya nini.

"Cherehani," Balozi alisema. "Mke wangu yuko kazini. Tuendelee." Na Fundi, nyuma ya pazia, alikanyaga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mchana mmoja Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa duka na mfuko wake mkononi.

"Nitoleeni hiki kiraka," alisema. "Nina sherehe ya walimu kesho, na sitaki kuonekana kama bendera."

Fundi alimkumbatia kabla hajamaliza. Alilitandaza gauni, akakigusa kile kipande kwa ncha za vidole, akasema kitambaa kama cha gauni lenyewe anacho, alikiweka akiba, na shingo itakatwa upya yote. Kisha akamtupia mumewe tepu. Alimtupia makusudi, na Mwalimu Mkuu alijua ni makusudi.

Balozi aliidaka. Masikio yalimwaka moto.

"Mwalimu," alisema, "naomba, kama hutajali, ufungue kitambaa."

"Mbona rahisi hivyo," Mwalimu Mkuu alisema. Alikifungua, akakiweka juu ya cherehani, akainua kidevu. Balozi alimzungushia tepu shingoni, akaisoma namba, akairudia, na Fundi akaja kuhakiki juu ya bega lake bila kuficha.

Halafu akachukua simu. Alianza kusema, akasita. Alijua laini ile bado ina masikio mengine. Alivuta kiti, akakaa vizuri, akaongea polepole, neno kwa neno.

"Shemeji, habari za saa hizi. Ninalo hapa gauni la zambarau. Mwenye gauni ni Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, yuko mbele yangu, mzima, anacheka. Naomba umkatie, nasema umkatie, shingo mpya. Shingo hiyo ni ya gauni, siyo ya mtu." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Na wewe ndugu unayetusikiliza, kama una suruali ya kupunguza, tunafungua asubuhi mapema. Karibu."

Sauti ya Shemeji ilitoka kwenye simu ikajaza duka lote. "Nimekusikia, Balozi! Sasa nimmalize leo leo, au alale?"

Balozi alifumba macho. Fundi alishika kichwa. Mwalimu Mkuu, shingo yake wazi, aliinama kuelekea kwenye simu.

"Nimalize leo leo!" alipaza sauti. "Silali mimi!"